Kesi ya Meneja, Dume la Namswea

17 Februari, Mbinga mjini

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika mara mbili, na mara ya pili umeondoka na kazi yangu ya asubuhi nzima. Nimetukana kwa Kimatengo, maana Kiswahili hakikunitosha.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ofisini naongea na kompyuta, chumbani naongea na jiko la mkaa, na vyote viwili havinijibu. Basi nitaongea na karatasi. Mimi ni Edina, mtoto wa Rosa wa Namswea, na nafanya kazi katika mradi wa kufuatilia magonjwa ya mifugo. Baada ya Krismasi nguruwe wa Lituhi, kule ziwani, walianza kufa kwa homa ya nguruwe, ile isiyo na chanjo wala dawa. Bwana mifugo wetu, Salvatory, anazunguka vijijini akichukua damu. Damu inapelekwa maabara ya mbali, mashine inasoma vinasaba, kisha mafaili yanarudi kwangu nitazame kama kirusi kimo. Nyumbani wanaamini nafuga nguruwe wa serikali.

19 Februari

Maabara wanasema damu ya kwanza ya Namswea imesomeka kidogo mno, wanataka vichupa vya akiba. Salvatory ametuma kasha la pili. Kulipanga tu kumemchukua siku nzima, huku anatafuna karanga na kuimba nyimbo za kanisani. Mtu mzito huyu, Mungu anisamehe.

23 Februari, Namswea

Nimepanda nyumbani Jumapili hii. Pikipiki ilinasa kwenye tope, nikashuka nikasukuma, nikafika nimepakwa hadi masikioni. Mama aliponiona alicheka mpaka akakaa chini.

Jike lake lina mimba, tumbo linakaribia kugusa chini. Baba wa watoto ni Meneja, kama ilivyo kwa nusu ya nguruwe wote wa Namswea. Huku kwetu si kila nyumba inaweza kulisha dume, kwa hiyo dume moja huzunguka. Linafungwa kamba mguuni, mwenyewe anatembea nyuma na fimbo, linakaa kwa mwenye jike mpaka kazi iishe, na watoto wakizaliwa mwenye dume anapewa mmoja. Dume letu ni la mama mdogo Emerensiana, mjane wa baba mdogo Tobias. Akipita naye barabarani watu wanasimama na kusema, "Meneja anakwenda kukagua matawi." Kwa miguu ya Meneja mama mdogo ameezeka bati na kumsomesha mwanawe Cuthbert.

Mama mdogo ni Mnyasa wa Lituhi. Aliolewa huku kabla sijazaliwa, na mpaka leo akiongea Kimatengo watu wanamcheka, naye anawajibu papo hapo. Nimemkuta anamsugua Meneja mgongo kwa gunzi la hindi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, jamani! Huko mjini hamli, au ni kompyuta ndiyo inakula?"

Nimecheka njia nzima ya kurudi.

27 Februari

Mvua. Hakuna la kuandika.

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Majibu yamekuja nikiwa bado na majivu usoni. Nguruwe wa Lituhi wote wana kirusi, hilo tulilijua. Nguruwe wa Namswea wote safi isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni Meneja.

Nimesoma mara tatu. Nikamwambia Salvatory, "Lakini yule dume ana afya kuliko mimi na wewe." Akasema wapo nguruwe wa kienyeji wanaobeba kirusi bila kuugua, na wakizungukazunguka ndio wabaya zaidi. Na nani anazunguka kama Meneja?

Maabara walishapeleka taarifa yao juu kabla sijafungua hata faili moja. Meneja na nguruwe wote wa mama mdogo watauawa na kuzikwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu, timu ikishamaliza Lituhi na barabara ikipitika. Mpaka siku hiyo hakuna nguruwe kutoka bandani. Nyumba yake itawekewa alama ya chokaa.

9 Machi, Namswea

Misa ilipokwisha watu hawakutawanyika. Mama ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, na akisema watu husogea kumsikiliza. Leo wamesogea.

"Nilisema mimi," alisema. "Dume lake linalala kila nyumba. Ametuletea ugonjwa wa kwao."

Nikamwambia, "Mama, Meneja hajawahi kufika Lituhi."

"Na yeye je? Januari hakwenda?"

Mama mdogo alikuwa hapo hapo, nyuma ya akina mama wa kwaya. Akasogea mbele. "Dada Rosa, Januari nilikwenda kumzika kaka yangu."

Mama akageuza uso. Wengine nao wakageuza, mmoja baada ya mwingine. Mama mdogo alisimama kidogo, akajifunga kanga upya ingawa ilikuwa haijafunguka, akaondoka. Mimi nilibaki natazama viatu vyangu. Nilijiona hovyo kabisa.

12 Machi

Nimeamua kulichimba faili la Meneja kipande kwa kipande. Kama dume lile litakufa, lisife kwa uzembe wa watu wa kompyuta.

Niliandike hapa nilielewe vizuri mwenyewe. Mashine haisomi damu kama barua, toka juu hadi chini. Inasoma vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu. Vinamwagwa juu ya kioo, kila kimoja kinashika mahali pake, halafu vinapigwa picha. Kila kipande kinapewa jina, na jina lenyewe ni mlolongo mrefu wa herufi na namba. Mkia wa jina ndio unaosema kipande kilikaa wapi. Ukiona 1104:15230:8871, basi ni kigae, yaani kisehemu, namba 1104 cha kile kioo, kisha X, umbali wa kwenda upande, kisha Y, umbali wa kwenda chini. Ni kama mashimo ya ngoro yaliyojipanga kwa mistari kwenye shamba la Mama pale mlimani. Niambie la ngapi kutoka kushoto na la ngapi kutoka juu, nakwenda nimefumba macho na nalikuta.

Tumaini langu ni hili. Kuna wakati povu la hewa linaingia kwenye kioo, au doa, na hapo mashine inaona mambo yasiyokuwepo. Kuna wakati pia kipande kimoja kinahesabiwa kama viwili au vitatu kwa sababu picha yake imemwagikia pembeni. Ikiwa kirusi cha Meneja ni doa, vipande vyake vitakuwa vimesongamana kona moja. Nitavichora vyote kwa X na Y, na kesho nitajua.

13 Machi

Nimechora. Hakuna kona wala povu. Vipande vya kirusi vimetawanyika vigae vyote sawasawa, kama mbegu zilizorushwa na mkono uliozoea. Hakuna hata viwili vilivyokaa pua kwa pua. Kirusi hakikuzaliwa kwenye kioo. Kilikuwamo ndani ya kichupa.

Nimekwenda kununua ndizi za kuchoma nikashindwa kuzila.

14 Machi

Mvua, mvua, mvua.

15 Machi

Mama amenipigia simu. Jumuiya yetu husali kila Jumamosi nyumba kwa nyumba, na leo ilikuwa zamu ya mama mdogo. Wamempita. Wamekwenda nyumba inayofuata, na aliyeamua ni Mama.

"Ni kwa usalama," alisema.

"Mama, binadamu haambukizwi homa ya nguruwe!"

"Viatu vinabeba. Si ndivyo bwana mifugo alivyotufundisha?"

Ni kweli vinabeba. Hapo alikuwa sahihi, na ndicho kilichoniudhi zaidi. Maana wangeweza kusalia barabarani mbele ya nyumba yake, na nina hakika hata hilo halikumpita akilini.

20 Machi, Lituhi

Nimeshuka ziwani na Salvatory. Gari lilikuwa linateleza kama liko kwenye sabuni, na kila kona nilitubu dhambi mpya.

Nimekuwa nikimdharau mtu huyu, na leo nimemwona kazini. Kila nyumba aliyoingia aliacha karanga zake garini. Alisalimia kwa Kinyasa, akaketi, akauliza habari za watoto kwa majina, halafu ndipo akasema kilichompeleka. Kwa mzee Raimundi, mwenye nguruwe wa mwisho pale mtaani, alishika jembe mwenyewe akachimba shimo na vijana, akavua shati. Mzee alikuwa amekaa amewapa mgongo, hatazami. Salvatory alipomaliza alinawa, akarudi kuketi naye. Tulichelewa sana kurudi na sikulalamika.

Amenunua usipa, dagaa wa ziwani, wa kupeleka kwake, akanigawia nusu.

24 Machi

Mama mdogo Emerensiana amekuja ofisini. Alikuwa amefua viatu vyake mpaka vimepauka, na alisimama nje ya mlango akakataa kuingia.

"Sitaki waseme nimeuleta ugonjwa na kwenu," alisema.

Nikatoka nje. Mvua ilikuwa imepumzika. Nilimpa pole, akaipokea kwa kichwa tu. Halafu akaniuliza, "Hiyo mashine ilimjuaje kuwa ni Meneja?"

"Kwa kichupa chake, mama mdogo. Kila kichupa kinakaa kwenye namba yake ndani ya kasha. Meneja alikuwa namba saba."

"Kwa hiyo wamekamata namba saba."

"Ndiyo."

"Haya. Mimi sina elimu ya kubishana na namba. Nimekuja tu unisaidie kuomba jambo moja. Siku ya kuua wasimpige na shoka. Nimesikia Lituhi walitumia shoka. Wamchome sindano, alale. Amenitunzia mtoto yule."

Nimemwahidi. Nimemsindikiza hadi stendi na hakulia. Mimi ndiye niliyelia, pale kwenye vibanda vya chipsi, watu wananitazama.

25 Machi

Siwezi kukaa kitini. Niandike haraka.

Asubuhi nilifungua faili la Meneja bila programu yangu. Programu hukata kichwa cha kila jina na kuniachia mkia, yaani kigae, X na Y, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyokuwa navihitaji. Leo nilitaka kuona majina mazima, kwa macho, yakishuka kwenye kioo cha kompyuta. Sijui hata nilitafuta nini. Nilikuwa na hasira tu.

Kichwa cha jina kinataja mashine, kisha awamu, yaani mashine ilikuwa inawashwa kwa kazi ya ngapi. Nikaona 65, 65, 65, mstari baada ya mstari. Halafu nikaona 62. Halafu 62 tena.

Faili moja, awamu mbili! Nikakumbuka, loo, makasha mawili. Damu ya kwanza ilisomeka kidogo, wakasoma ya akiba, wakaunganisha. Hilo lenyewe si kosa, hufanyika. Lakini nikaamrisha kompyuta inipe vipande vya kirusi peke yake pamoja na awamu zake. Vyote ni 62. Vyote! Kwenye 65 hakuna hata kimoja, na ile 65 ndiyo iliyosomeka vizuri. Na mimi nilivichora kwa X na Y bila kutazama kichwa cha jina, wakati vigae vya vioo viwili vina namba zile zile. Kulikuwa na mashamba mawili, mbegu zote zimeangukia moja, nami nikayaona kama shamba moja.

Nikaendelea. Kwenye damu kuna kirusi, lakini kuna na vinasaba vya nguruwe mwenyewe, na dume ana kromosomu ambayo jike hana. Nikaitafuta kwenye awamu 65. Ipo, tele. Nikaitafuta kwenye 62. Haipo.

Nikaitafuta tena. Haipo kabisa.

Nilipiga kelele mpaka mhasibu akaja mbio. "Kuna nini?" "Ni jike!" nikamwambia. "Nani?" "Mwenye kirusi! Ni jike! Meneja na ujike wapi na wapi!" Akanitazama, akasema niende nikanywe chai.

26 Machi

Nimemngoja Salvatory mlangoni kama mdai. Nikamwuliza, yale makasha mawili uliyapangaje?

"La pili kwa njia ya gari," alisema. "Kuanzia nyumba za upande wa ziwani kupanda juu. Ndivyo maabara walivyotaka, na orodha yake niliwatumia."

"Na la kwanza?"

"La kwanza kwa jumuiya. Kama katekista anavyosoma matangazo." Alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakwama. "Kwani hawakujua la kwanza lina mpangilio wake?"

"Wametumia orodha moja kwa yote mawili. Wameunganisha saba na saba."

Akatoa karanga mdomoni, akazishika mkononi. "Dada Edina, hilo ni langu. La kwanza sikuwatumia orodha, niliona kila mtu anajua mpangilio wa jumuiya. Nani hajui mpangilio wa jumuiya?"

Kweli, Namswea nzima hakuna asiyeujua. Mtu wa maabara ya mbali ataujulia wapi? Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka mgongo wake ukiwa wazi kwenye mvua ya Lituhi, nikaacha.

"Nisomee," nikamwambia. "Wa saba kwa jumuiya ni nani?"

Akafumba macho, akaanza kwa sauti ile ile ya kanisani, jumuiya kwa jumuiya, nyumba kwa nyumba, anahesabu kwa vidole. Kwenye kidole cha saba alifumbua macho. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa na huruma nyingi hata nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Ni kwa mama yako," alisema.

Nimekagua mpaka ofisi ilipofungwa. Jike la Mama, kwenye kasha la pili, liko mwishoni mwishoni. Kichupa kilivuja njiani na mashine haikupata kitu. Nusu nyingine ya faili lake, ile ya 62, ni damu ya nguruwe wa watu, safi. Ndiyo maana aliandikwa safi.

27 Machi

Nilikuwa na mpango mzuri sana asubuhi. Nipande kwanza Namswea, nimwambie Mama taratibu, tukae, tulie, kisha nirudi nitume marekebisho. Mtoto mwenye adabu angefanya hivyo.

Lakini najijua. Ningekaa jikoni kwake, angenipa ugali na kisamvu, angeanza kuniambia watoto wa jike lake ameshawapangia nini, na mimi ningeanza kusema ngoja tupime tena, ngoja barabara ikauke, ngoja Pasaka ipite. Na Jumatatu wangemuua Meneja.

Nimetuma. Majina ya vipande, awamu zote mbili, mchoro, mpangilio wa jumuiya kwa mwandiko wa Salvatory mwenyewe. Alisimama nyuma yangu nilipobonyeza. Halafu akapiga simu maabara na hata mara moja hakusema "walikosea". Alisema, "Nilikosea kupanga, na ninyi mkaunganisha, sasa tusaidiane." Kabla ya saa tisa wamejibu. Wameunganisha upya na ni kama tulivyosema. Namswea yote ni safi isipokuwa namba saba ya kasha la kwanza.

28 Machi, Namswea

Salvatory amepanda nami, amechukua damu mpya kwa Meneja na kwa jike la Mama. Ana kipimo cha haraka kwenye begi. Mama alidhani ni ukaguzi wa kawaida, akamkaribisha chai. Salvatory aliniita nyuma ya banda akanionyesha. Kwa Meneja hakuna kitu. Kwa Mama kipo. Akasema, "Nikae, au niende?" Nikamwambia aende.

Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote. Hakunikatiza hata kidogo, na Mama si mtu wa kutokukatiza.

"Umeshatuma?" aliuliza.

"Nimetuma jana."

"Kabla ya kuniambia mimi."

"Ndiyo, Mama. Ningekuja kwanza hapa nisingetuma."

Aliendelea kuchambua. Aliyaokota mabovu, akayatupa, akaokota mengine ambayo hayakuwa mabovu, akayatupa pia.

"Mwanzoni mwa mwezi wa pili alilala," alisema. "Halii, hali, masikio ya moto. Nikamfunika magunia nikamnywesha maji. Akaamka. Nikamshukuru Mungu, nikanyamaza."

"Ulijua, Mama?"

"Sikujua. Sikutaka kujua." Kisha akauweka ungo chini. "Halafu waliposema ni dume la Emerensiana, nikafurahi. Unanisikia? Nilifurahi, Edina. Pale kanisani nilikuwa nasema kwa nguvu ile kwa sababu moyo ulikuwa umetua."

Sijawahi kumwona Mama akiogopa. Leo nimemwona, na alikuwa mdogo kuliko ninavyomjua. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilikaa chini nikachambua naye.

29 Machi

Asubuhi Mama alivaa kitenge cha kanisani, akatoka bila kunyanyua mwavuli. Nilimfuata kwa nyuma. Alisimama barabarani mbele ya nyumba ya mama mdogo, nje ya alama ya chokaa.

"Emerensiana!"

Mama mdogo akatoka na gunzi mkononi.

"Ugonjwa ulikuwa kwangu," Mama alisema. "Si kwako. Mashine imechanganya, lakini mimi sikuchanganya. Nilikuwa na mgonjwa bandani, nikakusimamisha wewe mbele ya watu."

Tulisikia Meneja anajikuna kwenye mbao.

"Nimeshaambiwa na Salvatory," mama mdogo akasema. "Rudi kwako, dada Rosa. Leo sina la kukwambia, nikisema nitakosea."

Tulirudi. Mama alitembea mbele, mimi nyuma, mvua imetulowesha wote wawili.

30 Machi

Kwenye matangazo Mama aliomba nafasi. Alisimama na kusema yale yale aliyoyasema barabarani, bila kupunguza. Akasema na ya homa ya jike lake, na ya kunyamaza, na akataja jina la mama mdogo mara mbili. Minong'ono ikaanza. Tulipotoka nje watu walituachia njia pana mno. Jirani yetu Luisa, ambaye jike lake limepandwa na Meneja yule yule aliyepanda la Mama, alimpita Mama kama anapita nguzo.

31 Machi

Timu imekuja asubuhi, ile ile iliyokuwa ije kwa mama mdogo. Nyumba yetu ndiyo imemwagiwa chokaa sasa, kutoka mti wa parachichi hadi barabarani. Salvatory alileta sindano, hakuna shoka. Alikaa na Mama kwanza, muda mrefu, kama alivyokaa na mzee Raimundi.

Kwetu nguruwe ni wa familia, lakini jirani huja, iwe ni kuchinja Pasaka au ni msiba. Leo hakuja mtu. Niliwaona Luisa na wengine wamesimama mbali kwenye mabanda yao, wakiwalinda nguruwe wao kwa macho. Siwezi kuwalaumu, viatu vinabeba. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani. Jike lilipolala alisema tu, "Alikuwa azae wiki ijayo."

Wakati wanachimba, nikamwona mama mdogo Emerensiana anashuka barabarani chini ya mvua, amefunika kichwa kwa mfuko wa mbolea. Alifika kwenye mstari wa chokaa, akasimama hapo hapo.

"Shikamoo mama mdogo," nikasema.

"Marahaba." Akamtazama Mama. "Dada Rosa, sijasamehe. Usije ukadhani nimesamehe. Nimekuja kukaa."

Mama alimtazama. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili. Alikibeba hadi kwenye mstari, akakipitisha juu ya chokaa bila kuvuka, mama mdogo akakipokea kwa mikono miwili akaketi upande wa barabara. Mama akarudi kuchukua chake, akakiweka upande huu, wakatazamana. Hapo ndipo Mama alipolia, kwa sauti, na mama mdogo hakumwambia anyamaze.

Wamekaa hivyo mpaka shimo likafukiwa. Meneja amebaki bandani siku nzima bila mwenyewe, na mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea majani, nikayatupa kwa mbali juu ya ukuta, kwa ajili ya viatu vyangu.